Ngoma Inalia Wapi Leo: Uzoefu Wangu wa Kutafuta na Kueneza Habari za Sanaa Dar es Salaam

Kila Alhamisi jioni huwatumia majirani, ndugu na wafanyakazi wenzangu ujumbe mmoja mrefu wa WhatsApp wenye habari za sanaa zitakazofanyika jijini kuanzia Ijumaa hadi Jumapili: maonyesho ya picha, bendi, ngoma, taarab, filamu, ushairi, michezo ya kuigiza na kaswida. Ujumbe huo husambaa mbali kuliko ninavyoweza kufuatilia, kwani mara nyingine nimeupokea mimi mwenyewe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu. Kazi hii silipwi wala simtozi mtu. Niliianza baada ya kuchoshwa na kusikia siku ya Jumatatu, ndani ya daladala, kwamba Jumamosi palipigwa ngoma ya Kigogo karibu kabisa na nyumbani kwangu Tabata, tena kwa zeze na marimba, na kwamba wapigaji wamekwisha kurejea Dodoma.

Nilichokuja kukiona kwa kufanya kazi hii ni kwamba Dar es Salaam haijapungukiwa na sanaa, bali imepungukiwa na habari zinazovuka kutoka kundi moja la watu kwenda jingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni tano na laki tatu katika mkoa huu, na kila kundi lina njia yake ya kuitana. Taasisi zenye ofisi na wafanyakazi hutoa ratiba ya mwezi mzima kwenye mitandao. Bendi za dansi huwategemea wapenzi wao wa miaka mingi, ambao hupigiana simu, pamoja na watangazaji wachache wa redio wanaoupenda muziki huo. Kwaya hutangazwa baada ya ibada, na mtu asiyesali kanisa hilo hapati habari. Ngoma na singeli, muziki wa kasi wa vijana wa mtaani, hutangazwa na gari lenye spika, au na kijana mwenye baiskeli na kipaza sauti, saa chache tu kabla ya shughuli. Msomi wa Chuo Kikuu pale Mlimani anaweza kuishi miaka ishirini bila kujua kinachochezwa Mbagala Rangi Tatu, na fundi seremala wa Mbagala anaweza kupita mbele ya Makumbusho ya Taifa kila siku pasipo mtu yeyote kumwambia kwamba jioni hiyo ndani kuna mchezo wa kuigiza ambao hata yeye anaruhusiwa kuingia na kuutazama.

Sehemu zilizo rahisi kuandikwa nitazitaja kwa ufupi, kwa sababu mwenye simu atazipata bila msaada wangu. Pale Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo wachoraji na wachongaji hufanya kazi katika makarakana, mengine yakiwa makontena ya meli yaliyogeuzwa vyumba, na mgeni anaweza kusimama mlangoni na kumuuliza msanii anachokifanya. Upanga vipo Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Kifaransa na Kijerumani, ambavyo huandaa muziki, filamu na maonyesho, na mara nyingi mtu huingia bure. Barabara ya Shaaban Robert ina Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, ambayo watu wengi huijua kwa ajili ya fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, huku wakisahau kwamba ina ukumbi wa maonyesho ya jukwaani. Karibu na bandari, katika Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, kuna kituo cha urithi wa majengo ya jiji, ambako mtu hujifunza kuutazama mji wenyewe kama kazi ya sanaa.

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, ninakipa nafasi zaidi kila ninapoandika, kwa sababu maelfu ya watu hushuka kila siku katika kituo cha daladala chenye jina hilohilo bila kuingia ndani. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, tembe la Wagogo likiwa na paa lake bapa la udongo, na msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, na alasiri za mwisho wa wiki mara nyingi hupigwa ngoma. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kuliko kile cha mgeni. Jambo hili huliandika kila mara, kwa kuwa nimekutana na wazazi wengi waliodhani mahali pale ni pa watalii tu na hawakuwahi kuuliza bei.

Orodha yangu ya awali ilijaa Upanga, Mikocheni na Oysterbay, na haikuwa kwa sababu sanaa imekusanyika huko. Ilikuwa hivyo kwa sababu anayechapisha ratiba huonekana kwanza. Mtu anayeeneza habari za utamaduni akiridhika na kukusanya matangazo yaliyokwisha kuandikwa, atauchora mji usiokuwepo: mji wenye utamaduni upande wa kaskazini mwa katikati ya jiji, na kimya upande wa Temeke, Ilala ya ndani na Ubungo. Kwa hiyo nililazimika kujifunza kutafuta kwa miguu na kwa masikio.

Huko Mbagala ndiko nilikopata somo kubwa kuliko yote, siku nilipofuata mlio wa ngoma za mdundiko. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, na uzuri wake ni kwamba huchezwa kwa kutembea, wapigaji wakiongoza na umati ukifuata mtaa kwa mtaa, kila nyumba ikitoa watu wake na kuwaongeza katika msafara. Nilifika kabla haijaanza. Nyuma ya duka moja vijana walikuwa wamekusanya maboksi makavu, wakayawasha, wakazielekeza nyuso za ngoma kwenye moto, huku mzee mmoja akiigonga kila ngoma kwa ncha za vidole na kuinamisha sikio. Ngozi ikinyonya unyevunyevu wa bahari hulegea na sauti yake hupwaya. Ikipata joto hukaza na kulia kwa ukali. Ngoma ambayo mimi niliiona iko tayari, yeye aliirudisha motoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kucheza au kutazama?"

Nilimweleza kwamba ningependa kuwajulisha watu wengine, na nikamwomba anitajie siku ambayo watapiga tena. Alicheka kwa upole. "Hii haina tarehe ya kuandika. Ukisikia mwali anatoka, njoo. Ukisikia harusi ya watu wetu, njoo. Lakini chukua namba yangu, unipigie Jumatano, nitakwambia."

Hivyo ndivyo namba za simu za watu wazima wa mitaa zilivyogeuka kuwa msingi wa kazi yangu, kuliko kurasa zozote za mitandao. Siku za Jumatano huwapigia: mzee wa ngoma Mbagala, mama mmoja muuza chakula Buguruni anayejua kila kikundi cha kaswida kilicho karibu naye, kijana mwenye spika za kukodisha Manzese, ambaye hakuna shughuli ya singeli inayofanyika maeneo yake bila yeye kuulizwa bei. Huyu wa spika ni hazina. Waandaaji hubadilika, wasanii hubadilika, lakini vyombo vya muziki lazima vikodiwe, na anayevikodisha anajua ni lini, wapi, na kama kibali cha serikali ya mtaa kimekwisha kutolewa au bado. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa hiyohiyo ya Manzese, Tandale na Mbagala, ikiwa na mapigo yanayoweza kupita 200 kwa dakika, sasa inachezwa hadi katika matamasha ya Ulaya, lakini kuijua kwa undani kunahitaji kusimama kwenye kiwanja cha mtaa na kuona jinsi wachezaji wanavyoshindana kuipokea kasi ile kwa miguu. Wapo wanaoidharau kwa ajili ya maneno yake makali. Mimi naona kwamba ni sanaa ya vijana waliojitengenezea studio kwa kompyuta kuukuu na kukaa kwao hapohapo mtaani, nayo inastahili kutangazwa kwa heshima ileile inayopewa maonyesho ya picha.

Hata hivyo, si kila kinacholia ni cha kutangazwa. Kutokana na mazungumzo ya mdundiko nilifahamiana na bibi mmoja ambaye ni somo, yaani anayewafunda wasichana, naye alinikaribisha kwake. Palikuwa na ngoma na nyimbo ambazo sijazisikia mahali pengine popote, na kwa mapenzi niliyonayo kwa sanaa nilimuuliza kama naweza kuwaita wenzangu waje kuona. Akanijibu, "Mjukuu wangu, ya kuchezwa barabarani watangazie. Ya kufundwa, waachie wanaofundwa." Tangu siku hiyo nina kanuni ambayo siivunji: sihoji tu ni wapi na lini, bali pia huuliza ni ya nani, na nani anaruhusiwa kuiona, kuipiga picha na kuirekodi. Mahali ambapo jibu si wazi, siandiki. Kuna watu wanaoniona nina wasiwasi kupita kiasi, hasa wapiga picha, lakini nimeona shughuli za watu zikiwekwa mitandaoni bila idhini, wanawake wakionekana uso kwa uso katika mambo yao ya ndani, na kikundi kizima kikaacha kabisa kukaribisha mgeni. Hasara hiyo hailipiki kwa idadi yoyote ya watazamaji.

Jambo jingine ambalo ratiba haziwezi kulibeba ni sanaa isiyokuwa na siku, inayofanyika kila asubuhi wafanyakazi wanapofungua vibanda. Pale Mwenge, kwenye soko la vinyago, wageni wengi huishia mbele ya maduka, ilhali nyuma yake ndiko wachongaji hukaa chini wakiwa na tezo, patasi na tupa. Niliwahi kukaa asubuhi nzima kando ya fundi mmoja wa Kimakonde akianza na gogo la mpingo ambalo kwa nje lilikuwa na rangi ya manjano iliyofifia, na kadiri alivyolichonga ndivyo weusi wa ndani ulivyojitokeza. Alikuwa anachonga ujamaa, ule mtindo wa watu waliobebana na kupandana kuzunguka nguzo moja, wazee chini na watoto juu. Akanionyesha kwa kidole jinsi anavyouacha mkono wa mtu mmoja uwe ndio bega la mwingine, ili gogo lote lisimame bila gundi wala kiungo, kwa maana kosa dogo la tezo katikati haliwezi kubandikwa tena. Alipomaliza sehemu ya juu alinipa msasa nijaribu kusugua uso wa mtoto mmoja, na ndipo nilipoelewa kwa nini bei anayoitaja mwanzo haina ulaghai ndani yake.

Vivyo hivyo Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wachoraji wa Tingatinga wana ushirika wao. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mbao nyembamba za kujengea na rangi za kung'aa za mafuta, zile zinazopakwa baiskeli, na akafariki dunia mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikwisha kuwafundisha ndugu na vijana wachache waliokuwa karibu naye, na kutoka kwao ukazaliwa mtindo ambao leo mtu huutambua kwa mbali: chui, ndege, samaki na vidoa vidogovidogo vilivyopangwa kwa subira ya ajabu. Katika ujumbe wangu huziandika sehemu hizi mwishoni, chini ya kichwa kinachosema "Siku yoyote", na nimeona kwamba wanaofanya kazi za zamu, kama vile wauguzi na walinzi, ndio wanaozitumia zaidi, kwa kuwa Jumamosi yao haiwi Jumamosi ya wengine.

Muziki wa dansi ulinifundisha kuhusu saa. Msondo Ngoma ina historia inayoanzia NUTA Jazz ya mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ambayo wapenzi wake huiita Sikinde, ilianza mwaka 1978. Ushindani wa bendi hizi mbili umedumu muda mrefu kiasi kwamba zipo familia ambazo baba ni wa Msondo na mama ni wa Sikinde. Tangazo la bendi likisema saa moja usiku, aliyezoea anajua kwamba saa moja ni ya mafundi kufunga nyaya na kujaribu magita, na kwamba waimbaji wakongwe hupanda jukwaani saa tatu, pengine saa nne. Mgeni hajui, na mgeni huyu akitoka Kimara na mke wake saa kumi na mbili jioni, akakaa na soda hadi saa tatu bila kusikia wimbo, ataondoka kabla ya uhondo na hatarudi. Kwa sababu hiyo huandika saa mbili tofauti: saa ya tangazo na saa ya jukwaa. Hii ya pili humuuliza mpiga gita au mfungua vyombo, kamwe si mwenye ukumbi, ambaye ana sababu zake za kutaka wateja waketi mapema.

Kwa hakika, kueneza habari kumenifundisha kwamba tangazo zuri ni lile linalomsindikiza mtu kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwake tena. Huandika siku, tarehe na mwaka, yote matatu, kwa kuwa mabango ya mitandaoni huishi muda mrefu kuliko shughuli zenyewe. Nimewahi kushuhudia bango la mwaka uliotangulia likizunguka upya na watu wakaukuta ukumbi una kufuli. Huandika kiingilio, na kama ni bure huandika "bure" waziwazi, kwa sababu palipoachwa wazi watu wenye kipato kidogo hudhani pana gharama na hawaendi. Huandika kama watoto wanaruhusiwa, kama pana paa endapo mvua itanyesha, na kama mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Zaidi ya yote huandika namna ya kurudi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, watu wa Kimara waliweza kuhudhuria mambo ya katikati ya mji kwa nauli ndogo, ilhali anayetoka Chanika au Kigamboni bado anategemea bodaboda usiku, na nauli ya bodaboda moja ya usiku hupita kiingilio cha maonyesho mara kadhaa. Dada mmoja jirani yangu aliwahi kuniambia kwamba kabla ya kusoma lolote juu ya msanii, yeye husoma mstari wa mwisho unaosema shughuli itaisha saa ngapi. Basi mstari huo nimeuhamishia juu.

Mwaka wa sanaa nao una majira yake, na anayeyafahamu hupata mengi kwa juhudi ndogo. Wiki ya kuelekea Mwezi Mtukufu wa Ramadhani huwa na shughuli za vunja jungu kila kona, taarab na dansi zikikesha. Kisha mji hutulia, na mwenye kutaka kusikia sauti nzuri hufuata kaswida na visomo. Sikukuu ya Idi inapowadia, majukwaa hufunguka kwa pamoja, Idi Mosi na Idi Pili, na habari huwa nyingi kuliko nafasi ya kuziandika. Masika ya Machi hadi Mei huvunja shughuli za viwanjani, kwa hiyo miezi hiyo natafuta zaidi kumbi zenye paa, filamu na usomaji wa mashairi. Tarehe 7 Julai hukutanisha Maonyesho ya Sabasaba na Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kipindi cha kiangazi kinachofuata ndicho cha matamasha, na mtu asiyechoka safari anaweza kupanda basi kwenda Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kimekuwa kikiandaa tamasha lake tangu miaka ya 1980. Desemba nusu ya watu huenda mikoani kwao, na wasanii wengi pia. Wanaobaki hupata kwaya za Krismasi, ambazo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kuimba kuzuri kabisa kunakosikika hapa jijini, na ni jambo la kusikitisha kwamba haziandikwi popote.

Wapo walioniuliza kwa nini nisiweke matangazo ya kulipiwa humo, maana wenye kumbi wamekwisha kuniomba. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu siku ukumbi utakaponunua mstari wa kwanza ndiyo siku mzee wa Mbagala, ambaye hana cha kulipa isipokuwa simu yake ya Jumatano, atakaposhuka chini ya ukurasa. Ninachowaomba wenye kumbi, badala ya fedha, ni kuniambia ukweli kuhusu saa na kuwalipa wasanii walichokubaliana. Wasanii wenyewe huniletea habari pale ambapo hawakulipwa, na ukumbi wa namna hiyo nauacha nje ya orodha hadi mambo yatakapotengenezwa.

Kwa sasa nina watu wa kunipa habari katika sehemu nyingi za Kinondoni, Ilala na Temeke, lakini Kigamboni bado ninategemea habari za wavuvi wanaovuka na kivuko, na kwa Bunju, Chanika na Gongo la Mboto nasikia mambo yakiwa yamekwisha kupita. Ninatafuta mtu mmoja kila sehemu, asiyehitaji kuwa msanii wala mwandishi, ila awe anaishi hapo, anapenda kuuliza, na anapokea simu siku ya Jumatano. Mwalimu wa shule ya msingi Chanika amenipigia juzi, akasema kwao kuna kikundi cha wazee wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, kinachofanya mazoezi Jumapili alasiri chini ya mwembe karibu na soko, na kwamba hawajawahi kualikwa popote. Wiki hii ninakwenda kuwaomba idhini kwanza, nikiwa na daftari, na nimemwomba mwalimu asimwambie mtu mwingine hadi wao wenyewe watakaposema ndiyo.